Santuri za mababu zinaondoka vijijini: mambo ya kujua kabla hujauza

Kama nyumbani kwenu kuna sahani nyeusi, nzito, zenye mistari myembamba ya kuzunguka na karatasi ya rangi katikati, usizitupe, na usizitoe kwa bei ya chuma chakavu. Huenda ni santuri za zamani, zile zilizopigwa kwenye gramafoni ya kuzungusha mpini kabla ya redio ya betri kuenea. Duniani kuna watu wanaozitafuta kwa bidii, na taasisi zinazonakili sauti zake katika mfumo wa kidijitali ili zisipotee. Kuna pia mabishano makubwa ya kisheria kuhusu nani ana haki ya kufanya hivyo.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya wasikilizaji wetu wa Ndalambo, Momba yote, Tunduma na kwingineko mkoani Songwe, ambao hutuuliza mara kwa mara: je, hizi sahani zina thamani? Nani anazinunua, na anazipeleka wapi? Na je, tunaweza kuzisikiliza tena kwenye simu? Tutajibu moja baada ya jingine, halafu tutasema tunavyoliona jambo lenyewe.

Santuri hizi ni kitu gani hasa

Santuri za zamani kabisa hazikutengenezwa kwa plastiki. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti, hasa India na Thailand. Ni mali ileile iliyotumika kutengeneza lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia mihuri barua na vifurushi vya posta. Kiwandani, shelaki ilichanganywa na unga laini wa mawe na masizi meusi, ikapashwa moto, kisha ikagandamizwa katikati ya mabati mawili yenye alama za sauti.

Santuri ya aina hii huzunguka mara 78 kwa dakika. Kwa ile ya kawaida ya inchi 10, kila upande una wimbo mmoja wa dakika tatu hivi. Ndiyo maana nyimbo nyingi za wakati ule ni fupi: mwimbaji alijua kwamba sahani ikifika mwisho, wimbo umekwisha, hata kama ubeti bado upo.

Namna ya kuitambua si ngumu. Santuri ya shelaki ni nzito na haipindiki. Ukiiangusha sakafuni inavunjika kama sahani ya udongo. Zilizokuja baadaye ni za plastiki, nyepesi, na hupinda kidogo ukizibonyeza. Kati ya hizo, zile ndogo, nyingi zikiwa na tundu kubwa katikati, huzunguka mara 45 kwa dakika, na zile kubwa zenye nyimbo nyingi huzunguka mara 33. Za plastiki zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948 na 1949, lakini Afrika Mashariki santuri za shelaki ziliendelea kutumika hadi miaka ya 1960.

Idadi ya zilizobaki ni ndogo kwa sababu nyingi. Zinavunjika kirahisi. Sindano ya chuma ilizila kila zilipopigwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia shelaki iliadimika kwa sababu ilihitajika pia jeshini, na huko Ulaya na Marekani watu waliombwa kurudisha santuri zao za zamani viwandani ziyeyushwe upya. Vijijini kwetu, nyingi zimeishia kuwa michezo ya watoto au vifuniko vya mitungi.

Zilifikaje huku kwetu

Wengi hudhani gramafoni ilikuwa kitu cha mjini, yaani Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Si kweli. Gramafoni ya kuzungusha mpini haikuhitaji umeme wala betri, kwa hiyo iliweza kufanya kazi kijijini sawasawa na mjini. Ukiwa na mpini, sindano na santuri, umepata muziki.

Eneo letu lilikuwa njiani. Kwa miongo mingi vijana wa kusini magharibi mwa Tanganyika walikwenda kutafuta kazi kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine hadi migodi ya Afrika Kusini. Gramafoni ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo mtu aliyerudi kutoka migodini alipenda kurudi navyo, pamoja na baiskeli, cherehani na mablanketi. Aliyekuwa nayo, ua wake haukukosa watu jioni.

Kwa sababu hiyo, sanduku la santuri la mzee wa huku linaweza kuwa na vitu ambavyo mtu wa pwani hakuwa navyo. Linaweza kuwa na nyimbo za Kibemba, za Kizulu, au za wapiga gitaa wa Katanga. Mmoja wa hao ni Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, katika Kongo. Wimbo wake Masanga ulitolewa kwenye santuri na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini na ukamfanya ajulikane mbali sana. Mwenda aliimba kwa Kiswahili, Kiswahili cha migodini, ambacho wazee wetu waliofanya kazi Copperbelt walikielewa bila shida.

Redio nayo ilivuka mpaka. Mwaka 1949, kituo cha Lusaka kilifanikisha kutengenezwa kwa redio ya betri ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika, yenye umbo la sufuria, na watu wakaiita kwa jina hilo hilo la sufuria. Kwenye kituo hicho alifanya kazi Alick Nkhata, mwimbaji na mtangazaji mzaliwa wa Kasama, ambaye nyimbo zake za Kibemba bado zinakumbukwa pande zote mbili za mpaka wa Tunduma na Nakonde. Upande wetu, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Ndiyo iliyokuja kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, na leo ni TBC.

Kwa nini bendi zetu ziliitwa Jazz

Hapa watu wengi huchanganyikiwa. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, Nuta Jazz: ukizisikiliza, hupati jazz ya Wamarekani weusi wa New Orleans au Chicago. Unapata dansi, yaani rumba, cha-cha na mitindo ya nyumbani, gitaa zikijibizana na tarumbeta au saksafoni.

Neno jazz huku kwetu lilimaanisha bendi ya kisasa ya vyombo vya kizungu vya kuchezea dansi, tofauti na ngoma na taarabu. Dar es Salaam Jazz inatajwa kuanza mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Wakati huo neno lilikuwa la ujana na maendeleo, kama ambavyo leo kijana huweka neno la Kiingereza mbele ya jina la duka lake.

Muziki wenyewe ulikuja kwa njia ya santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Uingereza ya HMV ilitoa kwa ajili ya soko la Afrika mfululizo wa santuri zilizoandikwa herufi GV kabla ya namba. Nyingi zilikuwa za muziki wa Kuba na nchi jirani zake. Watu wa Kongo na wa Afrika Mashariki walizisikia, wakaona mapigo yake si mageni kwao, kwa sababu sehemu kubwa ya mapigo hayo ilipelekwa Kuba na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Kutoka kwenye GV wapiga gitaa wa Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, wakajenga rumba ya Kongo, ambayo mwezi Desemba 2021 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia.

Morogoro, kijana aitwaye Salum Abdallah alizipenda GV kiasi kwamba bendi aliyoianzisha mwaka 1948 aliipa jina la La Paloma, jina la wimbo uliojulikana kwa njia ya santuri. Baadaye ikaitwa Cuban Marimba. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari, lakini mtindo wake umebaki katika kile tunachokiita leo zilipendwa.

Kabla ya hao wote alikuwepo Siti binti Saad wa Zanzibar. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri za Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, kitabu ambacho wengi walikisoma shuleni. Kitabu tumekisoma, sauti yenyewe, ni wangapi wetu wameisikia?

Sauti zetu zimehifadhiwa wapi

Jibu la swali hilo ndilo linalouma kidogo. Sehemu kubwa ya santuri zetu za awali zinazosikika vizuri leo hazikuhifadhiwa hapa nchini. Zilitoka katika maghala ya makampuni ya Ulaya na katika mikusanyo ya watu binafsi huko ng'ambo. Mwaka 2007 na 2010 makampuni mawili ya London yalitoa mikusanyo ya nyimbo za zamani za Afrika Mashariki zilizonakiliwa kutoka santuri za shelaki zilizotunzwa Uingereza. Kampuni moja ya Ufaransa nayo ilitoa, mwaka 2007, mkusanyo wa dansi la Tanzania la miaka ya 1960.

Kusini mwa Afrika kuna hazina ya aina nyingine. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka Afrika Mashariki miaka ya 1950 na gari lenye mitambo ya kurekodi, akichukua ngoma na nyimbo za makabila mengi, na baadhi zikatolewa kwenye santuri. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika inayojulikana kwa kifupi ILAM, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda. Maktaba hiyo imenakili sehemu kubwa ya sauti zake.

Lakini ILAM ilifanya jambo moja zaidi. Miaka ya 2010, kwa kushirikiana na Wakenya wa shirika la Ketebul Music, ilianza kurudisha nakala za rekodi hizo vijijini zilikochukuliwa. Mfano unaojulikana sana ni wimbo wa wasichana wa Kikipsigis uliorekodiwa mwaka 1950, unaomtaja kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Miaka zaidi ya sitini baadaye, wanakijiji wakasikia tena sauti za mama na bibi zao.

Na hapa Tanzania? Hatukuwa na kiwanda cha kugandamiza santuri. Bendi iliyotaka santuri ilikwenda Nairobi, au ilirekodiwa hapa na sahani ikatengenezwa nje. Njia ya kawaida ya kusikika ilikuwa kurekodi kwenye studio za Radio Tanzania, kwenye kanda kubwa za riili, na nyimbo hizo zikapigwa redioni tu. Hivyo hazina kubwa ya dansi letu baada ya uhuru iko kwenye kanda hizo. Kuanzia mwaka 2011 kundi la vijana wa Tanzania Heritage Project lilijaribu kuchangisha fedha za kuzinakili kanda hizo kidijitali, na filamu ya Wahenga ikaeleza kisa hicho.

Kanda nazo hazingoji. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti walitoa tahadhari kwamba kanda za sumaku ambazo hazingekuwa zimenakiliwa ifikapo mwaka 2025 zilikuwa katika hatari ya kupotea moja kwa moja, kwa sababu mashine za kuzisomea na vipuri vyake vinakwisha. Mwaka huo umeshafika. Kwa maana hiyo santuri ya shelaki, ingawa ni ya zamani zaidi, ina nafuu: ikiwa haijavunjika wala kuchakaa, bado inasomeka, na hata sindano tu na karatasi ngumu vinaweza kuitoa sauti.

Nani anazikusanya

Wakusanyaji tunaweza kuwagawa katika makundi matatu, na si vizuri kuwaweka wote kapu moja.

Kundi la kwanza ni wapenzi wa muziki, wa ndani na wa nje, wanaonunua santuri kwa ajili ya kusikiliza na kujivunia. Wengine wao wamefanya utafiti mkubwa kuliko vyuo. Bila wao, mikusanyo mingi tuliyoitaja isingekuwepo.

Kundi la pili ni wafanyabiashara. Wananunua kwa jumla, mara nyingi kupitia madalali, na kuuza mtandaoni kwa wapenzi hao. Kwao santuri ni bidhaa, na hatuwezi kuwalaumu kwa kufanya biashara halali. Tatizo ni kwamba mwuzaji wa kijijini hajui anachouza, na mnunuzi anajua.

Kundi la tatu ni taasisi: maktaba, vyuo, vituo vya redio na hifadhi za mtandaoni. Hizi zinataka sauti zaidi kuliko sahani. Ukiwaruhusu kunakili, mara nyingi sahani yako inabaki kwako.

Kuhusu bei, tuseme ukweli. Si kila santuri ya zamani ni mali. Santuri za nyimbo zilizouzwa kwa wingi, au zilizochakaa, au zenye ufa, hazina bei kubwa. Zinazotafutwa ni chache: za wasanii waliorekodi mara moja au mbili, za lugha ambazo hazikurekodiwa sana, na zilizo katika hali nzuri. Hakuna anayeweza kukuambia bei kwa kuangalia sanduku likiwa limefungwa. Anayekuambia "nipe zote kwa bei moja" bila kusoma karatasi za katikati, ama hajui, ama anajua sana.

Kunakili kunafanywaje

Kunakili kitaalamu kunahitaji mashine ya kupigia yenye mwendo wa 78, sindano maalumu, kifaa cha kukuza sauti na kompyuta. Sindano ndiyo inayosahauliwa. Mfereji wa santuri ya shelaki ni mpana karibu mara tatu ya ule wa santuri za plastiki. Ukitumia sindano ya kisasa ya kawaida, inatambaa chini ya mfereji kwenye uchafu wote, unasikia makelele tu, na sindano yenyewe inaharibika.

Wataalamu huhifadhi sauti katika faili kubwa lisilobanwa, aina ya WAV. Upande mmoja wa dakika tatu unaweza kuchukua MB 100 hivi. Faili hilo ndilo linalotunzwa. Kutoka hapo hutengenezwa MP3 ya MB 3 hadi 5 kwa ajili ya simu, ambayo hata mwenye bando dogo anaweza kuipokea. Kosa la wengi ni kutengeneza MP3 peke yake na kuachana na sahani. Sauti iliyobanwa imepunguzwa, na kilichotolewa hakirudi.

Kama mashine iliyopo haina mwendo wa 78, kuna njia. Unapiga santuri kwa mwendo wa 45, unarekodi, kisha programu ya kompyuta inaongeza kasi mara 1.73 na wimbo unarudi katika mwendo wake.

Lakini jambo muhimu kuliko mashine ni maelezo. Sauti bila jina ni yatima. Nani anaimba? Lugha gani? Santuri ilinunuliwa wapi, na nani, mwaka gani? Walioucheza waliuchezaje? Mambo haya hayamo kwenye mifereji ya sahani. Yamo kwa bibi na babu aliyebaki, na hakuna maabara ya London wala Marekani itakayoyajua asipoulizwa.

Mabishano ya haki: kisa cha Marekani

Mwaka 2023 makampuni makubwa ya muziki ya Marekani yaliishtaki hifadhi ya mtandaoni ya Internet Archive. Hifadhi hiyo, kupitia mradi uitwao Great 78, imenakili santuri za mwendo wa 78 na kuweka mtandaoni rekodi zaidi ya 400,000 watu wazisikilize bure. Makampuni yalitaja rekodi zaidi ya 2,700, zikiwemo za akina Louis Armstrong, Billie Holiday na Frank Sinatra, yakisema huo ni wizi. Hifadhi ilijitetea kwamba inatunza sauti za sahani zinazovunjika, pamoja na mikwaruzo yake, na kwamba haishindani na mauzo. Mwaka 2025 pande hizo zilimaliza kesi kwa makubaliano ambayo masharti yake hayakutangazwa.

Kwa nini kesi hiyo ituhusu? Kwa sababu inaonyesha kwamba kumiliki sahani si kumiliki wimbo. Hata hapa Tanzania ni hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtunzi aliyefariki mwaka 1980, kazi yake inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2030, na wenye haki ni warithi wake au yule aliyeuziwa haki hizo. Mwenye sanduku la santuri anaweza kuuza sahani zake, kuzigawa au kuzisikiliza na jirani zake. Kuzinakili na kuziweka mtandaoni kwa ajili ya kupata fedha ni jambo jingine, linalohitaji ruhusa.

Huku kwetu tofauti moja ni kubwa. Marekani walioshtaki ni makampuni yenye mawakili. Kwetu, warithi wa wanamuziki wengi wa zamani hawajui kama wana haki yoyote. Santuri ya baba yao inauzwa ng'ambo, inanakiliwa, inawekwa mtandaoni na matangazo ya biashara juu yake, nao wanaisikia kwa jirani kama watu baki. Januari 2022 Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, iligawa mirabaha kwa wanamuziki ambao kazi zao zilipigwa redioni. Ili familia ipate sehemu yake katika utaratibu wa namna hiyo, ni lazima kazi iwe imesajiliwa na mrithi ajulikane. Familia yenye mzee aliyewahi kurekodi ifuatilie hilo mapema, wakati mashahidi wapo.

Ukiwa nazo nyumbani, fanya hivi

Usizilaze moja juu ya nyingine kwa rundo kubwa. Za chini zitapasuka. Zisimamishe wima kama vitabu kwenye sanduku, mahali pakavu, mbali na jua, mbali na jiko. Tenganisha kila moja kwa karatasi safi.

Zikiwa na vumbi, pangusa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko wa mistari. Zikiwa na ukoko, tumia maji ya baridi yenye tone la sabuni ya vyombo, bila kulowesha karatasi ya katikati, kisha kausha mara moja kivulini. Usitumie spiriti hata kidogo: spiriti huyeyusha shelaki. Usitumie mafuta ya taa wala petroli.

Piga picha kila upande kwa simu, karibu, ili majina na namba zote zisomeke. Hata zile herufi na namba ndogo zilizokwaruzwa karibu na karatasi ya katikati zina maana. Kwa hizo mtaalamu anaweza kujua ilirekodiwa wapi na lini. Picha hizo ndizo zitakazokusaidia kuuliza bei kwa watu zaidi ya mmoja.

Kaa na mzee wa nyumba, washa kinasa sauti cha simu, mwulize habari za kila santuri. Mwache aimbe anapokumbuka. Dakika kumi za mazungumzo hayo zinaweza kuwa adimu kuliko santuri yenyewe.

Kama gramafoni bado inazunguka, usiipige santuri mara kwa mara kwa sindano iliyochakaa. Sindano za chuma zilitengenezwa kubadilishwa kila baada ya kupiga upande mmoja au miwili. Ikiwa huna njia nyingine kabisa, weka sindano mpya, weka simu mbele ya pembe ya gramafoni, rekodi mara moja, basi. Haitakuwa nakala ya maktaba, lakini wimbo hautapotea wote.

Ukiamua kuuza, ni haki yako. Ila weka masharti mawili: nakala ya sauti ya kila sahani ibaki kwako, na mapatano yaandikwe, yenye jina la mnunuzi na orodha ya sahani. Mnunuzi wa kweli hatakataa. Nakala kwake haipunguzi chochote.

Tunavyoliona sisi

Wapo wanaosema serikali ipige marufuku santuri kutoka nje ya nchi. Tunawaelewa, lakini hatuoni kama hilo litasaidia. Marufuku bila mahali pa kuzipeleka itazifanya zifichwe, zioze darini, au zivushwe Nakonde usiku kama bidhaa nyingine. Sahani iliyotunzwa Uingereza ni bora kuliko iliyovunjika Ndalambo. Tunachodai ni kwamba sauti yake ibaki hapa pia, na jina la mwenyewe libaki juu yake.

Hilo haligharimu mabilioni. Mashine moja ya kunakilia, yenye sindano sahihi, ikiwekwa kwenye kituo cha redio, maktaba ya mkoa au ofisi ya utamaduni ya halmashauri, inaweza kuhudumia mkoa mzima, kwa sababu santuri zenyewe si nyingi. Ofisa utamaduni anaweza kuanza na daftari tu: kijiji gani kina nini, na nani anakumbuka nini. Wenzetu wa Kenya walirudisha sauti hadi kijijini. Wa Zambia nyimbo za Alick Nkhata zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 1991 kutoka hifadhi ya redio yao. Songwe ni mkoa mchanga, ulianzishwa mwaka 2016, lakini watu wake na nyimbo zao si wachanga.

Sisi watu wa redio tuna deni hapa pia. Zilipendwa tunazopiga kila Jumapili ni zilezile, za bendi zilezile, kwa sababu ndizo zilizopatikana kwa urahisi kwenye kompyuta. Muziki uliofika huku kwa njia ya migodini, wa Kibemba, wa Katanga, wa Kusini, hatuupigi kwa sababu hatunao. Upo kwenye masanduku yenu.

Kwa hiyo, mwenye santuri asitutumie sahani kwa basi, zitavunjika njiani. Anza na picha za karatasi za katikati na sauti ya mzee akieleza. Tutazisoma hewani, tutawauliza wasikilizaji wa Momba, Mbozi, Ileje na ng'ambo ya mpaka kama kuna anayewajua walioimba. Kinachotakiwa kwanza ni majina, kwa sababu wenye kuyakumbuka wanapungua kila masika.